Mwaka wa Pumu ya Bwana Harusi

Saumu, binti wa mama mwenye nyumba wangu wa zamani, alinipigia simu wakati wa mapumziko ya saa nne, watoto wametapakaa uwanjani na vumbi la Kinango limesimama hewani kama kawaida yake, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamkauka, "Mama hatunaye, Mwalimu. Tumemzika jana baada ya alasiri. Unisamehe, kichwa hakikuwa changu, sikukumbuka kukuarifu." Nilimwambia hakuna la kusamehe. Simu ilipokatika niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikakaa nikiitazama ratiba ya vipindi ukutani bila kusoma hata neno moja. Jumamosi yake nilikuwa Msambweni, nimejifunga leso na kujitanda nyingine kichwani, nimeketi mkekani pamoja na wanawake wa mtaa, katika nyumba ambayo niliwahi kupanga chumba kwa mwaka mmoja tu, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Chumba changu sasa ni ghala la magunia ya korosho. Wanawake walikuwa wamemaliza kusoma hitima, kahawa inazunguka, na mazungumzo yameanza kulegea, ndipo Bi Riziki, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Mwanaidi alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Lakini kwa yule paka wake alikuwa maji." Wote wakacheka kidogo, kicheko cha matanga, cha kufunikwa na leso. Mwanamwali mmoja akauliza ni paka gani huyo, na Saumu akanielekezea kidole: "Muulizeni Mwalimu. Yeye ndiye aliyekaa nao." Nikawaeleza kwa ufupi, kwa sababu matanga si mahali pa hadithi ndefu. Hapa nitaeleza yote, pamoja na yale niliyoyaacha siku ile kwa haya.

Nilifika Msambweni kufundisha shule ya chekechea, mimi mtoto wa wakulima wa kutoka bara, Mkristo, na Kiswahili changu cha haraka kisichojali ngeli. Nilielekezwa kwa Bi Mwanaidi kwa sababu alikuwa na chumba na hakuwa na mtu. Alikuwa mshonaji wa kofia, zile za vito, matundu madogo madogo yanayoshonwa kwa mkono mwezi mzima, na nilimkuta barazani, miwani puani, sindano inaingia na kutoka kwenye kitambaa bila yeye kuitazama. Nikamsalimia, "Habari ya mama?" Akaendelea kushona. Nikafikiri ni kiziwi, nikapaza sauti. Akainua macho, akasema, "Nimesikia. Nangoja unisalimie." Hapo ndipo nilipojifunza shikamoo, nikiwa nimesimama juani na sanduku mkononi. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na uso wake ukabadilika kabisa, kana kwamba aliyenyamaza alikuwa mtu mwingine. Alinionyesha chumba: kitanda cha kamba, dirisha dogo linalotazama kichaka cha mikorosho, misumari mitatu ya kutundikia nguo. Sheria zilikuwa chache. Viatu vibaki nje. Nisichelewe kurudi bila kusema. Na paka asifukuzwe popote atakapotaka kulala. Nilicheka, nikamwambia kwetu paka ni wa panya, hulala jikoni na hana jina. "Huyu ana jina," akasema. "Ni Bwana Harusi." Nilipomwona nikaelewa. Alikuwa mweusi tii, ila kifua na miguu ya mbele ni nyeupe pee, kama mtu aliyevaa koti jeusi juu ya kanzu, na alitembea polepole kwa namna ya mtu anayejua kuwa watu wamekuja kwa ajili yake.

Ninapoikumbuka nyumba ile, pua ndiyo hunitangulia. Asubuhi ilinuka iliki na mafuta ya mahamri. Mchana ilinuka nazi, mbaazi zikitokota taratibu, au samaki wa kupaka juu ya makaa. Na kila jioni, bila kukosa siku moja, Bi Mwanaidi aliweka kaa dogo kwenye chetezo, akalitupia udi, akapita chumba hadi chumba na moshi ule mtamu ukimfuata kama mtoto. Alifukiza mapazia, alifukiza shuka, alifukiza leso zake zikiwa zimetandazwa juu ya tenga, na Alhamisi jioni alifukiza hata mlango wangu, mimi ambaye Ijumaa haikuwa yangu. Mimi nilileta harufu zangu pia. Nilipika muthokoi kama tunavyopika kwetu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, naye akaonja kwa ncha ya kijiko, akatafakari, akasema, "Si kibaya. Kinalilia nazi." Kesho yake alikikamulia tui zito, na tangu siku ile hadi leo sijaweza kula muthokoi mkavu. Usiku ukuta wetu ulikuwa mwembamba, wa udongo na chokaa, na nilimsikia akizungumza na paka kabla ya kulala kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu yeyote: leo kofia ya nani imekwisha, nani kampitia bila kumsalimia, Saumu kasema nini kwenye simu. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nikawa naingoja sauti ile, nikilala nayo.

Kikohozi kilianza karibu na mwisho wa kaskazi, joto likiwa limekaza. Bwana Harusi alikuwa akijikunja chini, tumbo linagusa sakafu, shingo ameinyoosha mbele na viwiko vimetoka nje, kisha anatoa sauti kavu, ya kukwaruza, mara tano sita mfululizo, bila kutapika chochote. Bi Mwanaidi alidhani kameza mwiba. Alimpa tonge la ugali liusukume, halafu kijiko cha mafuta ya nazi. Bi Riziki alisema ni manyoya yamemkaa kooni. Mtu mwingine alisema amerushiwa jicho, kwa sababu ya ule weupe wa kifua. Saumu alikuja kutoka Mombasa mwisho wa wiki, akamsikia akikohoa, na nikiwa chumbani nikamsikia yeye akimwambia mamake, "Mama, huyo amezeeka. Mtu mzima huwezi kukesha na paka." Kisha Bi Mwanaidi akasema, "Wewe ukikohoa nilikesha na nani?" Siku ya pili yake nilimwona Bi Mwanaidi amepiga magoti mbele ya uvungu wa kitanda changu, paka amejibanza mle akihema kwa tumbo, mbavu zikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, naye anamnyooshea mkono na kusema, "Niambie basi. Niambie unaumwa na nini." Mtoto wa bara mimi, niliyesema paka hana jina, nikatoka nje kufuta macho.

Daktari wa mifugo aliyekuwa akipatikana ni Daktari Barasa, mtu wa kutoka magharibi, mwenye ofisi yake Ukunda. Siku nyingi alikuwa na ng'ombe na mbuzi, siku nyingine mbwa wa wageni wa Diani na Galu, na mara moja kwa mwezi alipita Msambweni kuchanja. Nilimvizia njiani, nikamwomba aje. Aliingia sebuleni akamtoa Bwana Harusi kwenye kikapu cha ukili kwa mikono miwili mikubwa, akamwekea kile chombo cha kusikilizia kifuani, akafumba macho muda mrefu. "Mama," akasema, "huyu paka yako ana asthma." Bi Mwanaidi akamtazama. "Paka wangu," akasema. "Sema paka wangu, paka wako. Si meza." Daktari akacheka, akajirekebisha. "Paka wako ana pumu." "Pumu?" "Pumu kabisa. Kama ya watu. Njia za hewa zinavimba, zinabana. Haiponi, lakini inashikika. Ukiishika vizuri nyumbani, ataishi na wewe miaka." Akaeleza kwa utulivu, na Kiswahili chake kadiri alivyoendelea kikawa kinajitahidi kunyooka mbele ya uso ule wa miwani. Tungeanza na vidonge kwa wiki chache, vishushe uvimbe. Kisha pampu ya kuvuta, ile ile wanayotumia watu wenye pumu, lakini kwa kuwa paka hawezi kuambiwa vuta, dawa hupulizwa kwanza ndani ya chombo kama kichupa kirefu chenye kibarakoa mwishoni, kile cha watoto wachanga, na kibarakoa hushikwa puani mpaka avute pumzi kumi. Pampu ya kahawia asubuhi na jioni, hata akionekana mzima. Ya buluu ni ya siku ya shida tu. "Na apunguze uzito," akaongeza. Bi Mwanaidi akajivuta nyuma. "Unene ni neema, daktari." "Kwa paka mwenye pumu ni mzigo, mama."

Lakini jambo zito lilikuwa bado. Daktari aliinua pua, akanusa nyumba, nikaona anavyotafuta maneno. "Huu moshi mnachoma, huu wa kunukia..." Bi Mwanaidi akasema, "Udi." "Udi, ubani, zile dawa za mbu za kuwasha, moshi wa kuni, vumbi. Vyote hivyo ndivyo vinavyombana. Viishe ndani ya nyumba." Mimi wakati ule sikujua Bi Mwanaidi ameombwa nini. Kwangu udi ulikuwa manukato tu. Sikujua kuwa mwanamke wa umri wake, katika mtaa wake, nyumba yake ikikosa udi ni kama imekosa mlango, na kwamba wageni wangeketi, wangenusa, wangeondoka na la kusema. Alimsindikiza daktari, akarudi, akachukua chetezo, akakipangusa majivu kwa pembe ya leso polepole mpaka ndani, akakifunga kwenye kitambaa cheupe na kukiweka chini kabisa ya sanduku lake la mvule. Kisha akanijia mlangoni. "Na wewe, Mwende. Dawa ya mbu usiwashe. Nitakutundikia kivumbasi dirishani, mbu hawakipendi." Nikasema, "Sawa, Bi Mwanaidi." Nilisema kwa mdomo.

Ufundi wa kumtibu paka nyumbani tulijifunza kwa makosa. Siku chombo kilipofika kutoka duka la dawa, tulidhani ni kazi ya kumshika na kumwekea. Alituachia alama za kucha mikononi na kukaa juu ya kabati mpaka adhuhuri. Daktari alikuwa ametuonya tusimpige vita, tumzoeshe. Basi tukaanza upya. Siku tatu kibarakoa kilikaa tu sakafuni karibu na sahani yake. Siku tatu nyingine alilambishwa mchuzi wa samaki kutoka pembeni mwake. Kisha kikamgusa pua kwa muda wa kusema bismillahi, na kipande cha samaki changu kikafuata. Sauti ya pampu, ule mlio wa ghafla, ndiyo iliyomtisha zaidi, kwa hiyo Bi Mwanaidi alinituma niwe naenda chumbani kwangu kuibonyeza, halafu ukumbini, halafu hatua mbili kutoka kwake, na kila nikibonyeza yeye alimpa kidagaa na kusema, "Si kitu, bwana wangu, si kitu." Ilituchukua karibu wiki tatu, huku vidonge vikimshikilia. Asubuhi aliyokubali pumzi zote kumi, ametulia mapajani mwa Bi Mwanaidi, macho nusu, kibarakoa kimemkaa usoni kama kikombe, mimi nilipiga kelele na wote wawili wakanitazama kwa ukali.

Daktari pia alimwambia ahesabu pumzi zake akiwa amelala usingizi mzito. Zikizidi thelathini kwa dakika, aitwe. Bi Mwanaidi alihesabu kwa tasbihi. Nilimkuta ukumbini, macho kwenye saa ya ukutani, kidole kikisukuma punje moja kila ubavu unapopanda. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama si makosa kutumia kitu cha ibada kwa paka. Hakukasirika. "Kila kiumbe kinamsabihi Mola kwa lugha yake," akasema. "Huyu lugha yake ni pumzi. Mimi namsaidia kuhesabu." Akaandika ishirini na nne kwenye ukingo wa kalenda. Leo shuleni kwangu nina watoto wenye pumu, vumbi letu haliwaonei huruma, na kila muhula huja mzazi anayetaka kunishawishi kwamba mwanawe hana kitu, ni mafua tu, pampu itamzoesha vibaya, watu watamsema. Huwa naketi nao. Huwa siwaambii kwamba aliyenifundisha kutoionea haya pampu ni paka, lakini ndivyo ilivyo. Na huwa siwaambii lililofuata.

Masika ilimwagika mwaka ule, na mbu wakaja mawingu mawingu. Kivumbasi kilinyauka dirishani. Chandarua changu kilikuwa na matundu ambayo nilikuwa nikiahirisha kuyashona. Mwenzangu wa kazini alilazwa kwa malaria, nikaingiwa na hofu. Nikanunua dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya kijani ya mviringo iliyojikunja kama konokono, nikaificha ndani ya kiatu. Nilikuwa nikiiwasha jioni mbichi, kabla ya magharibi, nimefunga mlango na kukunja kitenge kwenye upenyo wa chini, dirisha wazi moshi utoke upande wa mikorosho. Nilifanya hivyo siku nne na hapakutokea kitu. Siku ya tano nilirudi kutoka shuleni, nikaiwasha, nikafunga mlango, nikaenda kuoga. Sikutazama uvunguni. Bwana Harusi alikuwa ameingia kwa dirisha mchana kujitafutia ubaridi wa sakafu, na alikuwa amelala mle.

Nilipofungua mlango nilimsikia kabla ya kumwona. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa ni mluzi mwembamba, wa mtu anayevuta hewa kwa tundu la sindano. Alikuwa amejinyoosha, mdomo wazi, na ufizi wake, ambao siku zote ulikuwa wa waridi, umegeuka rangi ya zambarau. Nataka kuandika kwamba kitu cha kwanza nilichofanya ni kumnyanyua. Sivyo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuichukua ile dawa na kuizamisha kwenye ndoo ya maji. Ndipo nikamnyanyua, nikakimbia naye uani nikiita. Bi Mwanaidi hakuuliza. Aliketi chini pale pale mchangani, akamweka mbele yake bila kumbana, akapuliza ya buluu ndani ya chombo, akamshikia kibarakoa huku akihesabu kwa sauti ya chini isiyotetemeka: moja, mbili, tatu. Akapuliza tena. Mimi nilisimama na taulo langu, maji yakinichuruzika, nikihesabu naye kimoyomoyo. Ulipita muda ambao siwezi kuupima. Kisha ule mluzi ukalegea, mdomo ukafumba, na Bwana Harusi akajilaza ubavu, akameza mate. Bi Mwanaidi akainama mpaka paji la uso likagusa manyoya yake. "Alhamdulillahi," akasema. Halafu akasema, "Ni mimi. Mchana nimekaanga samaki ndani. Nimetoa na lile buibui la sandukuni, lina udi wa mwaka juzi. Ni mimi nimemtenda hivi."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na pumzi. Sikusema.

Yaliyofuata niliyatazama siku baada ya siku. Bi Mwanaidi alihamisha jiko nje, akawa anapika juani pembeni mwa kisima, jasho likimtoka, mvua ikija anakimbiza sufuria chini ya paa la choo. Alitoa nguo zote sandukuni, akazifua zile zisizofuliwa kwa urahisi, akazianika mpaka harufu ikatoka na rangi kidogo ikatoka nayo. Udi wake, kijaluba kizima, alimpa Bi Riziki. Kisha ikaja harusi ya Mwanajuma, binti wa dadake, huko Kinondo, harusi aliyoishonea kofia ya bwana harusi mwenyewe, na nikamsikia barazani akimwambia Saumu aliyekuja kumchukua, "Nendeni. Mimi sitakwenda. Harusini ni udi mtupu, nitarudi nao mwilini, nimmalize." Saumu akapandisha sauti: "Mama, ni harusi ya Mwanajuma! Watasemaje?" "Watasema nimeikosa." Na usiku, nyuma ya ukuta wetu, ile sauti niliyozoea kulala nayo ilikuwa na maneno mapya. Alikuwa akimwomba paka radhi. Kila usiku. "Nisamehe, bwana wangu. Sikujua. Mtu mzima hovyo mimi, sikujua." Nililala na mto juu ya kichwa na bado nikasikia.

Siku ya Ijumaa, harusi ikiwa ni kesho yake, sikuweza tena. Nilimkuta barazani akishona. Nikasimama mbele yake pale pale nilipojifunza shikamoo.

"Bi Mwanaidi, nina neno."

"Sema."

"Siku ile si wewe. Ni mimi. Niliwasha dawa ya mbu chumbani."

Sindano ikaingia, ikatoka. Aliuvuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno. "Baada ya mimi kukukataza?"

"Baada ya kunikataza."

"Na mbona sikuisikia harufu?"

"Niliizamisha kwenye ndoo. Kabla ya kumleta kwako."

"Kabla," akasema. Aliweka kofia kando. "Siku ngapi zimepita?"

"Ishirini na mbili."

Akavua miwani. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake bila miwani mchana, na ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. "Paka hukumuua, Mwende. Mbu wanauma, najua, na chandarua chako kimetoboka, nimekiona, ningekushonea ungeniambia. Hilo ni dogo. Lakini siku ishirini na mbili ninaomba radhi kwa kosa lisilo langu, na wewe uko nyuma ya ukuta wanisikia." Sauti ikamkatika kidogo. "Hilo ndilo lililoniuma."

Nililia. Hakunibembeleza. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa muda, akatoka na furushi la nguo zake za shughuli. "Naenda kuvalia kwa Riziki, nisifukizie hapa. Nitakwenda harusini na Saumu. Nitarudi Jumapili." Akanionyesha kabati kwa kidevu. "Pampu unajua ilipo. Asubuhi na jioni. Pumzi kumi, usimharakishe."

"Utaniachia mimi?" nikamuuliza. "Baada ya haya?"

"Nimwachie nani? Aliyekosea ndiye atakayekuwa macho." Akafungua mlango wa uani, akaenda.

Jioni ile nilikosea. Mikono yangu ilikuwa na haraka, nilimshika kwa nguvu, naye akanisikia hofu kwenye vidole. Kibarakoa kilimteleza puani wakati ule ule nilipobonyeza, dawa ikaenda hewani, naye akaruka juu ya kabati. Sikujua kama amevuta hata kidogo. Nilitaka kurudia, nikakumbuka daktari alivyosema, ukiwa huna hakika usimzidishie, ngoja wakati mwingine. Nikangoja. Niliketi sakafuni chini ya kabati na pampu ya buluu mapajani, nikamwambia kila kitu kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kiswahili sikuwa na maneno. Asubuhi nilijilaza tu mkekani na kibarakoa pembeni yangu na kipande cha samaki mkononi, sikumwita. Jua lilikuwa limefika kizingitini alipoteremka. Alinusa kidole changu, akala, akajisogeza mwenyewe. Moja, mbili, tatu. Nilihisi kila pumzi ikigonga kwenye kile chombo kama mtoto anayebisha hodi. Kumi. Jumamosi mchana alikohoa mara moja, vikohozi vitatu, lakini vilipita vyenyewe na pampu ya buluu haikuhitajika.

Bwana Harusi aliishi miaka minne zaidi, Saumu aliniandikia alipokufa, akasema alikufa usingizini, figo zilichoka, pumu haikumpata. Mimi mwisho wa mwaka ule nilikwenda chuo cha ualimu. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kuwa mpole na watoto wanaosema uongo, na mkali kwa wale wanaowaacha wenzao waadhibiwe kwa ajili yao. Huwa nawajibu kwamba ni uzoefu wa kazi.

Jumapili ile alasiri nilisikia mlango wa uani. Bi Mwanaidi hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bafuni, nikasikia maji yakimwagika kata baada ya kata kwa muda mrefu. Alitoka na leso safi, nywele zimelowa, nguo za harusi zimefungwa furushi na kuachwa nje kwenye kamba. Akaketi ukumbini. Bwana Harusi akamwendea, akamnusa miguu, akapanda mapajani. Bi Mwanaidi akamsikiliza kifua kwa sikio lake, kisha akanitazama.

"Haya. Nieleze."

"Ijumaa jioni nilikosea. Dawa yote ilikwenda hewani, sikurudia. Zilizobaki alizivuta zote kumi kumi. Jumamosi mchana alikohoa mara moja. Usingizini pumzi ishirini na sita."

"Hiyo ya Ijumaa, kuna mtu aliyekuona?"

"Hakuna."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akavuta kikapu alichokuja nacho, akatoa sinia lililofunikwa kawa, pilau ya harusini ya mchana ule, bado ina joto chini. Miezi yote ile chakula chake kilinifikia kwa sahani, nami nilikila kwenye kigoda changu, yeye kwenye mkeka wake. Sikuwahi kuliona kuwa jambo la ajabu. Sasa alitandika mkeka katikati ya ukumbi, akaweka sinia moja, akaleta birika na bakuli, akanimiminia maji mikononi, mimi mdogo, yeye mkubwa, nami nikajaribu kumnyang'anya birika asinifanyie hivyo, akakataa.

"Sogea," akasema, akiichambua nyama na kuisukumia upande wangu. "Pilau inapoa."

Nikasogea.